Bomba, Fimbo na Kisu cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi

"Mguu uko tayari tangu wiki iliyopita. Mwenye mguu ndiye bado." Kauli ya mtaalamu wa mazoezi, leo saa nne na robo asubuhi, mlangoni, akivaa viatu. Hakupunguza sauti, makusudi, ili Kaka asikie. Kaka amesikia. Amegeukia ukutani.

Ameongeza kwamba atarudi Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi. Akimkuta bado kitandani atajaza fomu ya kiti cha magurudumu. Na kiti hicho, kwa alivyoona yeye, mtu akishakizoea hakiachi. "Simtishi mtu, dada. Natoa taarifa tu." Nimempenda. Angefaa chumba cha habari.

Hali ilivyo, nisije nikasahau: kiharusi kilimpiga tarehe 9 Desemba. Mkono wa kulia umelala. Vidole vinajikunja kidogo, basi. Mguu wa kulia umerudi kiasi cha kutosha, mradi awe na fimbo. Ulimi haukuguswa hata chembe. Bahati mbaya yetu, anasema Wifi.

Tatizo ni fimbo. Hospitali imempa ya alumini, nyepesi, mpira chini, matundu ya kurefushia. Kaka anaiita bomba. Amechongea watu fimbo miaka arobaini — za wagonjwa, za majaji, za wenye mikogo tu. "Leo nitoke nje na bomba? Watu wataniuliza maji yanatoka saa ngapi!" Tangu Januari bomba limesimama nyuma ya mlango. Wifi analitundikia aproni yake.

Fimbo zake mwenyewe? Aliuza zote. Ya fundi mwingine? "Heri bomba." Basi achonge! Mkono wa kulia haushiki. Na wa kushoto?

Akauambia ukuta: "Wa kushoto ulikuwa unashika mti tu. Kazi haujui."

Zana zake amezifunga kwenye taulo la bluu, chini ya kitanda. Marufuku kugusa.

Jumanne, 4 Machi

Mwezi uliopita nilimnunulia kisu kidogo cha kuchongea, kipya, ndani ya boksi. Alikigeuza mara moja. "Kinamenya viazi hiki." Wifi anakitumia. Kweli kinamenya vizuri.

Nilidhani ni kiburi. Leo Wifi amenieleza. Karakanani kwao kisu kidogo — wanakiita kidole — hakinunuliwi. Unatengeneza chako mwenyewe, au unatengenezewa na mtu anayekujali hadi kutoa malengelenge. Cha Kaka, alisaidiwa kukitengeneza na mwalimu wake, kutoka kwenye tupa ya kusugulia chuma iliyochakaa. Mwalimu amekwisha kufa. Wenzake wa karakana wametawanyika, mmoja anauza simu.

Watu wa damu waliobaki: mimi.

Nimepita kwa mchonga funguo aliye chini ya ngazi za jengo letu la gazeti. Nimemuuliza kama anaweza kutengeneza kisu. Amesema yeye ni wa funguo. Anayeweza kila kitu, kasema, huyo kamzidi akili. Lakini tupa butu anazo, na hazimsaidii tena. Kanipa tatu. Chuma chake kizuri, kasema, ila kigumu kama mama mkwe. Lazima kwanza ukilainishe kwa moto, ukikate, halafu ukigumishe tena. Kanieleza dakika ishirini na tano. Nimeandika kurasa nne. Mwishoni kauliza itatoka lini gazetini.

Nina miaka hamsini na minne. Ishirini na sita kati ya hiyo nimeshika kalamu. Sijawahi kutengeneza hata kibanio cha nguo. Tuone!

Alhamisi, 6 Machi

Wifi amefanya wizi. Kaka akiwa usingizini mchana, amevuta taulo chini ya kitanda, ametoa kidole cha zamani, ameniletea ofisini ndani ya kopo la majani ya chai. Muda niliopewa: saa mbili.

"Ukikipoteza, wifi, mimi nakuwa mjane na wewe unakuwa marehemu."

Nimekipima chote. Bapa: milimita arobaini na sita. Upana kumi na mbili, unene tatu. Makali yameteremshwa upande mmoja tu, wa kulia; upande wa kushoto umelala sawa kama meza. Mpini sentimita kumi na moja. Upande wa kushoto wa mpini kuna bonde, dole gumba limelichimba kwa miaka arobaini — kina milimita nne. Mwisho wa mpini kuna pengo dogo, milimita mbili kwa tatu.

Nimechora kutoka pembe tano. Mhariri kapita, kaona, kauliza ni ushahidi wa kesi gani.

Kisu kimerudi kwenye taulo saa kumi na dakika kumi. Kaka bado alikuwa anakoroma.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imeanza. Jiko la mkaa uani kwangu, feni ya mezani ikipuliza kwa pembeni. Tupa imekuwa nyekundu baada ya dakika kumi na nane. Namna ya kujua imefika: sumaku haiishiki tena. Nimetumia ile ya jokofuni yenye picha ya nanasi. Sasa nanasi lina jeraha.

Kisha nikaizika kwenye jivu, ipoe polepole. Hiyo ndiyo siri yote, kasema mchonga funguo: usiwe na haraka. Nimekaa nikasoma gazeti la wapinzani wetu. Makosa manne ukurasa wa kwanza.

Saa kumi jioni tupa ilikuwa imepoa. Msumeno wa chuma ukaingia kama — hapana. Haukuingia kama kitu chochote. Uliingia kwa shida, dakika arobaini, na meno mawili yamekatika. Lakini uliingia.

Jumapili, 9 Machi

Kupiga tupa. Tupa mpya juu ya tupa ya zamani. Sijui kama zina undugu. Jirani wa juu kafungua dirisha, kauliza kama nimemfungia mtu. Nimesema natengeneza kisu. Dirisha limefungwa upesi sana.

Malengelenge: matatu. Moja limepasuka.

Umbo limetoka. Nimelilinganisha na mchoro. Nimekosea nusu milimita upande wa mgongo. Nimesahihisha.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna kisu leo. Kesi ya ghala imeahirishwa mara ya sita. Maneno mia tatu, Mhariri kataka mia sita. Kuahirishwa hakuna maneno mia sita! Nimeandika mia tatu.

Kijana mpya wa michezo kaniuliza kwa nini wananiita Nukta. Kwa sababu nafuta alama zao za mshangao, naweka nukta. (Humu daftarini, nyumbani, najiruhusu.)

Wifi kapiga simu: Kaka hajatoka kitandani isipokuwa kwenda chooni, na chooni anashika ukuta. Ukuta umeanza kuwa na njia nyeusi kwenye usawa wa bega. Wifi ataupaka rangi baadaye. Kwanza mwenye bega.

Jumamosi, 15 Machi

Kugumisha. Nimekipasha tena hadi sumaku ikakikataa, nikakichovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Ndimi za moto zimeruka juu ya kopo kimo cha kiganja. Nilikuwa nimeandaa kifuniko. Nimefunika. Basi, moto ukafa. Nyusi zipo zote mbili, nimehesabu.

Jaribio: pitisha tupa juu ya makali. Ikikwaruza, bado laini. Imeteleza kama juu ya kioo! Nimejaribu mara tatu, nipate uthibitisho.

Uani pananuka kama kibanda cha chipsi.

Jumapili, 16 Machi

Chuma kigumu namna hiyo kinavunjika kama sahani, kwa hiyo lazima kipunguzwe ugumu kidogo. Oveni, nyuzi mia mbili, saa nzima. Kitoe, kipoe, kirudi saa nyingine. Kimetoka na rangi ya nyasi kavu, sawa na maelezo, ukurasa wa tatu wa daftari.

Mpini nimeuchonga kutoka mguu wa kiti kilichokufa mwaka jana. Bonde la dole gumba: milimita nne, kama kwenye kile cha asili. Mkia wa kisu nimeupasha moto nikauzamisha kwenye tundu, gundi, nikabana kwa kamba.

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka nisioukumbuka, sikusikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana. Nilisahau.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekinoa tangu nitoke kazini, kwanza kwenye jiwe, halafu kwenye mkanda wangu wa ngozi. Kimenyoa vinyweleo vya mkono kipande cha ukubwa wa stempu. Bila sabuni.

Nimekiweka juu ya mchoro. Mstari juu ya mstari. Sijawahi kunukuu chanzo kwa usahihi namna hii, na kazi yangu ni kunukuu.

Keshokutwa nampelekea.

Jumatano, 19 Machi

Nimefika saa kumi na moja jioni. Kisu nimekifunga kwenye ukurasa wangu wa mahakama. Kaka ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, uso wa mtu aliyekaliwa na siku nzima.

Amefungua karatasi kwa mkono wa kushoto na meno. Ametazama. Wifi kasimama mlangoni ameshika kifuniko cha sufuria, hakumbuki kwa nini.

"Nani katengeneza?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe wa kalamu?"

"Mimi, Kaka."

Amekileta jichoni, akatazama kwa urefu wa makali, jicho moja amelifumba. Muda mrefu. Kisha: "Nipeni mti."

Wifi amekimbia. Miaka thelathini na minne ya ndoa yao sijamwona akikimbia. Karudi na mwiko.

Kaka ameubana mwiko kati ya magoti. Kisu mkono wa kushoto. Ameukwangua mara ya kwanza — kisu kimeteleza juu ya mti, hakikuuma. Amekiinua kidogo — kimezama ghafla, kipande cha mwiko kimeruka kikagonga kifuniko alichoshika Wifi. Ngaa! Amejaribu tena. Vilevile: ukikilaza hakiumi, ukikiinua kinazama. Amekigeuza. Amekitazama upande wa dole gumba. Amekitazama mwisho wa mpini.

Mabega yakaanza kutikisika.

Nimeshuhudia ajali, mafuriko na waziri akilia. Leo nimeogopa. Wifi ameacha kifuniko kikaanguka, keshashika simu kuita gari la wagonjwa.

Alikuwa anacheka.

"Mdogo wangu... hata pengo? Umechonga hata pengo?"

"Lilikuwepo kwenye kile cha zamani."

"Nilikiangusha! Kiliangukia ngazi ya zege, mwaka huo hujaolewa wala hujaachika! Ukakaa ukalipima?"

"Milimita mbili kwa tatu."

Hapo kicheko kikamzidi. Machozi yalimtoka. Wifi naye kaanza, bila kujua tunacheka nini. Walipotulia Kaka kanyanyua kisu, akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mteja mgeni. Makali yakiteremshwa upande mmoja, ule upande uliolala sawa ndio unaopita juu ya mti. Kwa anayeshika kwa mkono wa kulia, ni upande wa kushoto wa kisu. Kwa anayeshika kwa kushoto, ni kinyume chake. Kila kitu kinyume. Makali, bonde la dole gumba, vyote.

"Hiki ni kisu kizuri. Sisemi uongo. Ni kisu kizuri sana cha mkono wa kulia."

Nimetazama mkono wake wa kulia, umelala juu ya shuka. Sote tukautazama.

"Mwandishi wa habari mzima," kasema Wifi.

"Cha mkono wa kulia nilikuwa nacho," kasema Kaka. "Sasa ninavyo viwili!" Kikaanza tena kicheko.

Nilipokuwa naondoka, nimeshafika mlangoni, kauliza bila kunitazama: "Tupa zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Zilainishe zote mbili. Moja ya kuharibu. Na jiliwa lako la kubania chuma lete hapa. Sitaki kitu kitengenezwe kwa siri tena kwenye ukoo huu."

Alhamisi, 20 Machi

Masahihisho. Katika kazi yetu ya tarehe 6 hadi 17 Machi, kisu kilitengenezwa kwa ajili ya mkono usiofanya kazi. Maneno "mkono wa kulia umelala" yapo ukurasa wa kwanza kabisa wa habari hii, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Chanzo kilinukuliwa sawasawa. Hakuna aliyeulizwa. Kosa ni la mwandishi.

Ningekuwa na kijana aliyeleta habari ya namna hii, ningemrudisha akamwulize mhusika mwenyewe, hata kama mhusika amegeukia ukutani. Hasa kama amegeukia ukutani.

Tupa zote mbili ziko kwenye jivu. Kisu cha kwanza Kaka amenirudishia: "Ni chako. Kinakufaa mkono." Leo kimechonga penseli za chumba kizima cha habari. Mhariri kaleta tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Jiliwa limefungwa kwenye meza, meza imesogezwa dirishani, kiti kimewekwa mbele ya meza. Kutoka kitandani hadi kiti: hatua tatu. Amezipiga ameshika bega la Wifi. Daftari nililiacha mfukoni.

Nilidhani nitapiga tupa mimi, yeye aongoze. Dakika mbili aliongoza. Nyanyua kiwiko. Usisugue, hiyo siyo sufuria. Sukuma, nyanyua, rudisha. Nyanyua, nimesema! Dakika ya tatu kaninyang'anya.

Kwa mkono wa kushoto anapiga tupa vibaya. Vibaya kama mimi, na hilo limemuudhi kuliko kiharusi. Tupa inamponyoka, inakwenda pembeni, inakwaruza pasipohusika. Kila kosa analitaja kwa jina la mtu aliyewahi kufanya naye kazi. "Huyo ni yule bwana wa simu. Alikuwa anakata hivyohivyo."

Kazi yangu: kukaza jiliwa, kugeuza chuma, kunyamaza. Wifi anasema hilo la tatu ndilo habari.

Amefanya kazi kwa muda wa saa tatu na dakika kumi. Ukijumlisha kugombana, saa nne kasoro dakika kumi.

Jumapili, 23 Machi

Ameendelea. Mteremko wa makali uko upande wa kushoto sasa — nimehakikisha mara tatu, mara ya tatu kaniambia nikikagua tena ataninyima chai.

Karibu na shingo ya kisu tupa imemponyoka, imeacha mkwaruzo. Kautazama. Kapitisha kidole. "Utapita," kasema. Akaendelea.

Jioni nimemuuliza kuhusu fimbo. Mti anao? Anao, bandani, ng'ambo ya ua. Vipande vitano alivitundika vikauke mwaka juzi. Nimemuuliza kipi. Kasema kipi ni kipi haijulikani hadi ukishike.

Siku nne.

Jumanne, 25 Machi

Kimepasuka.

Jiko niliweka nje chini ya dirisha lake, boksi la kadibodi juu kukinga jua, aone rangi ya chuma. Alikuwa anaisoma kupitia dirishani: bado, bado, hiyo ni nyekundu ya tofali, nataka ya nyanya — sasa! Nimechovya. Mafuta yale yale, joto lile lile. Halafu ikasikika: tii. Ndogo tu, kama kijiko kugusa glasi.

Yeye ndiye aliyeisikia wa kwanza. Nilipokitoa, ufa ulikuwa umeanzia shingoni, pale pale kwenye mkwaruzo, umevuka nusu ya upana.

"Niliuona," kasema. "Niliuona nikasema utapita. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemtoa nje."

Nimemwambia ipo ya pili. Ndiyo maana ya kuharibu moja.

Amerudi kitandani — hatua tatu, peke yake, ameshika meza kisha ukuta. Amegeuka kule kule. Wifi kafunga dirisha. Nimeondoka saa kumi na moja na nusu. Kesho kutwa saa tatu asubuhi mtaalamu anafika, na fomu zake kwenye mkoba.

Jumatano, 26 Machi

Simu ya Wifi saa moja kasoro robo asubuhi. "Njoo. Kakaa kitini tangu kulipopambazuka. Anasema uje na ile tupa, na umwambie Mhariri wako una msiba."

"Nani kafa?"

"Anasema yule bwana wa simu, kwenye mkono wake."

Mhariri nimemwambia ukweli: natengeneza kisu. Kafikiri kidogo. Kasema msiba ungekuwa rahisi kuuandika kwenye fomu. Ruhusa siku mbili.

Saa mbili kamili tulikuwa kazini. Leo anapiga tupa polepole. Sukuma, nyanyua, rudisha. Hakutaja jina la mtu. Saa tano tupa imemponyoka tena, alama ndogo, karibu na mgongo, huwezi kuiona bila kuinamia. Kaiona. Kaweka tupa chini. Kataka msasa mzito, kisha wa kati, kisha ule laini. Ameifuta alama ile dakika hamsini. Nilitaka kusema imetosha. Nikakumbuka kazi yangu ya tatu.

Saa nane na nusu chuma kilikuwa tayari kwa moto. Jiko, kadibodi, feni. Bado. Bado. Nyanya. Sasa!

Tumesikiliza. Wote watatu, Wifi ameziba mdomo kwa mkono. Jirani alikuwa anapiga redio. Wifi kamfokea azime, na kazima. Hakuna tii. Nimekitoa, nimekifuta, nimekipeleka dirishani. Kakigeuza pande zote. Kapitisha tupa juu ya makali: imeteleza.

"Haya," kasema. Hilo tu. Lakini kashusha pumzi hadi kalenda ya ukutani ikapepea.

Saa kumi kasoro robo kisu kimeingia kwenye oveni ya Wifi, saa ya kwanza. Saa kumi na moja kimepoa, kimerudi mara ya pili. Mpini ataufanya mwenyewe. Bonde la dole gumba, kasema, halichongwi, litakuja lenyewe, na nikome kupima vitu vya watu.

Tukiwa tunasubiri nimesema nitakwenda bandani kumletea vile vipande vitano, achague cha fimbo.

"Usiguse."

"Nakuletea tu."

"Nitachagua mwenyewe, palepale vilipo."

Wifi kaacha kukunja nguo. "Utafikaje bandani, mume wangu? Kwa posta?"

Kaka katazama nyuma ya mlango. Bomba, na aproni yenye madoa imening'inia juu yake kama mtu mfupi aliyekata tamaa.

"Hiyo aproni," kasema, "haina msumari wake nyumba hii?"

Wifi kaenda kuitoa. Kaitundika jikoni. Kapita mbele yangu akaniminya mkono, kwa nguvu, pale pale penye malengelenge. Bomba limebaki nyuma ya mlango, tupu, linang'aa. Kaka hajaligusa. Kauliza mtaalamu anafika saa ngapi.

Saa tatu.

"Basi wewe uwe hapa saa mbili na nusu. Na usije na daftari."

Nimetoka uani nikajifanya nanawa mikono. Kutoka kizingiti hadi mlango wa banda: hatua kumi na nne, kwa miguu yangu. Kwa yake huenda ishirini. Kuna jiwe moja limechomoza katikati. Nimeling'oa, nimelisogeza pembeni, nimesawazisha udongo kwa kisigino. Nilipoinua kichwa alikuwa dirishani ananitazama.

Nimepangusa kisigino, nimerudi ndani.

Oveni inalia — saa ya pili imekwisha. Kesho, Alhamisi tarehe 27, saa mbili na nusu asubuhi.